Gitaa Moja, Sauti Moja: Maswali ya Bluzi na Kantri Kutoka Kanda ya Ziwa

Barua za toleo hili zimetoka Kirumba, Nansio, Sengerema, Musoma, Magu, Capri Point na Nyamagana. Karibu zote zinazunguka jambo moja: mtu mwenye gitaa lake, bila bendi, anawezaje kushika ukumbi jioni nzima na kuishi kwa kazi hiyo?

Nina miaka 24, napiga gitaa kanisani. Nyumbani tumekulia kwenye nyimbo za Jim Reeves na Don Williams redioni. Nataka bluzi na kantri iwe kazi yangu, ila kila ninayemuuliza ananiambia nitafute bendi kwanza. Waliotangulia walianzaje?
*Msomaji, Kirumba*

Usianze na bendi. Watu watano hugawana malipo ya onyesho mafungu matano, na mmoja akiugua onyesho limekufa. Bluzi na kantri ni miziki iliyolelewa na mtu mmoja na gitaa, na anayeweza kuibeba peke yake ndiye bendi humtafuta baadaye.

Msome Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani. Alizaliwa mwaka 1897, akakulia Mississippi na kufanya kazi ya breki kwenye treni, kazi iliyomkutanisha na vibarua Weusi na bluzi yao. Mwaka 1924 aligundulika kuwa na kifua kikuu, maradhi yaliyomfukuza relini. Mwishoni mwa Julai 1927 Ralph Peer, aliyekuwa akirekodi kwa niaba ya kampuni ya Victor, alifunga mitambo katika mji wa Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia. Rodgers alifika na wenzake, wakagombana kuhusu jina la kundi, wenzake wakajitenga naye. Tarehe 4 Agosti aliingia peke yake na gitaa, akarekodi nyimbo mbili. Hazikutikisa soko. Hakukaa kusubiri kuitwa. Alimfuata Peer mwenyewe, na tarehe 30 Novemba mwaka huohuo, huko Camden, New Jersey, akarekodi wimbo wa kwanza katika mfululizo wa Blue Yodel: bluzi ya vipimo 12 (kipimo kimoja ni mapigo manne) yenye mkia wa sauti ya kuvunjavunja koo. Huo ndio uliomfungulia njia.

Mwaka 1930 alirekodi Los Angeles na Louis Armstrong akiwa kwenye tarumbeta. Alifariki tarehe 26 Mei 1933 akiwa na miaka 35, siku mbili baada ya kurekodi mara ya mwisho. Kazi yote ya studio haikufika miaka sita, lakini aliacha nyimbo zaidi ya 100. Santuri zake zilifika hadi huku kwetu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, aliwarekodi Wakipsigis wa Kenya wakiimba juu ya "Chemirocha", yaani huyuhuyu Jimmie Rodgers waliyemsikia kwenye gramafoni.

Ukiacha kipaji, mambo mawili yalimbeba. Alikuwa tayari kusimama peke yake siku wenzake walipomwacha. Na alikuwa na nyimbo mpya kila alipoingia studio, kwa sababu Peer alitaka nyimbo zisizo na mwenyewe mwingine. Shemeji yake, Elsie McWilliams, alimsaidia kutunga nyingi. Wewe unayempenda Jim Reeves, mwimbe, wateja watafurahi. Lakini anayeimba Jim Reeves tu ataitwa pale mteja anapomtaka Jim Reeves, na hapo atashindana na simu na spika ya kaunta.

Kwa vitendo: jioni ya kawaida hotelini ni awamu tatu za dakika 45, na mapumziko ya dakika 15 katikati. Wimbo mmoja wa dakika tatu na nusu, ukiongeza maneno mawili matatu kwa wasikilizaji, unakupa nyimbo 12 kwa awamu. Hizo ni 36, ongeza 6 za akiba. Ukikamilisha nyimbo mbili kwa wiki, ndani ya miezi sita unazo. Theluthi moja ziwe zako mwenyewe. Kukamilisha maana yake ni beti zote kichwani, mwanzo unaoujua, na mwisho unaoujua. Wanaojifunza nyumbani wengi wana ubeti wa kwanza na kiitikio, kisha wimbo unafifia wenyewe kwa aibu. Panga nyimbo zinazotumia mlingano mmoja wa nyuzi zifuatane, ili usikae jukwaani unazungusha vifungio huku watu wanapiga soga. Na usiweke nyimbo tatu mfululizo zenye ufunguo mmoja na mwendo mmoja. Watu hawatajua kwa nini wamechoka, ila watachoka.

Najua kodi zote za kawaida za gitaa na bluzi ya vipimo 12, lakini nikipiga peke yangu gitaa linasikika tupu. Nikisikiliza rekodi za wakongwe nahisi kama wako wawili. Siri iko wapi?
*Dada wa Nansio, Ukerewe*

Iko kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia, dada. Gumba linapiga besi peke yake, vidole vingine vinapiga wimbo, na gumba halisimami hata vidole vikikosea. Mpaka hilo likae, mengine yote ni mapambo.

Kuna gumba za aina mbili, na ndipo bluzi na kantri zinapotofautiana mkononi. Ya bluzi hurudia uzi uleule mara nne kwa kila kipimo: kwenye E ni uzi wa 6 (mnene kuliko wote) mtupu, yaani bila kubonyezwa, kwenye A ni uzi wa 5 mtupu. Laza kisigino cha kiganja karibu kabisa na daraja, kikigusa nyuzi za 6, 5 na 4 tu, ili besi itoke "dum" fupi badala ya kuvuma. Ukisogeza kiganja mbele sana uzi unakufa kabisa. Ukikirudisha nyuma sana unavuma na kumeza wimbo. Nafasi inayofaa ni kama nusu sentimita tu, itafute kwa sikio.

Ya kantri hubadilishana nyuzi. Kwenye C ni 5, 4, 6, 4 (na kidole cha tatu cha mkono wa kushoto kihamie uzi wa 6, freti ya 3, yaani chuma cha tatu cha shingoni, besi inapofika huko). Kwenye E ni 6 na 4. Kwenye A ni 5 na 4. Kwenye D ni 4 na 5.

Zoezi ni la wiki nne, na haraka yoyote hapa utailipia baadaye. Wiki ya kwanza piga gumba tupu, mapigo 60 kwa dakika kwenye metronomu ya simu, dakika kumi bila kusimama, huku ukibadili kodi. Wiki ya pili ongeza kidole cha shahada kipige uzi wa 1 au wa 2 pamoja na gumba kwenye pigo la kwanza tu. Wiki ya tatu kidole kiingie katikati ya mapigo, gumba liendelee. Wiki ya nne ongea. Mwambie mtu habari za siku nzima huku gumba likienda. Likisita unapojibu swali, bado hujawa tayari kuimba juu yake, rudi wiki ya tatu.

Kosa kubwa ni gumba kufuata wimbo: kidole kikiongeza kasi, gumba nalo linakimbia. La pili ni gumba kuingia ndani ya kiganja na kugongana na shahada. Liweke mbele ya vidole, upande wa shingo ya gitaa. La tatu ni kupiga besi kwa nguvu sawa na wimbo. Besi iwe chini kidogo, sikio la msikilizaji litaijaza lenyewe.

Huhitaji vidole vingi. Merle Travis wa Kentucky, ambaye mtindo huu wa kantri mara nyingi huitwa kwa jina lake, alitumia gumba na shahada tu. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 akiimba kwa Kiswahili, naye alitumia vidole hivyohivyo viwili. Wengi wenu mna rekodi za Mwenda nyumbani kwa wazee. Zisikilizeni tena mkifuata gumba peke yake. Ni shule ya bure, na iko katika lugha yetu.

Mwishoni mwa vipimo 12 unahitaji mgeuzo wa kurudi mwanzo. Katika ufunguo wa E, kwenye vipimo viwili vya mwisho, piga uzi wa 5 ukishuka freti ya 5, 4, 3, 2, na kila mara uzi wa 1 mtupu ulie pamoja nao. Kisha E, kisha B7. Ukiujua huo mmoja vizuri unatosha mwaka mzima.

Je, bluzi inaimbika kwa Kiswahili? Nimejaribu kutunga, mistari yangu naituma hapa, maneno yanasikika kama yamelazimishwa. Na ile sauti ya Jimmie Rodgers ya kuvunja koo hutolewaje?
*Mtunzi chipukizi, Sengerema*

Inaimbika vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Shida yako, tukikisia kutokana na mistari uliyotutumia, ni mkazo. Neno la Kiswahili hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho. Sauti za bluzi za Marekani mara nyingi huangusha neno la silabi moja juu ya pigo zito. Ukiweka maneno yako juu ya sauti ileile bila kubadili kitu, neno kama "gatini" linakuwa "gatiNI", na msikilizaji anahisi mgeni anaimba.

Umbo la ubeti wa bluzi ni mistari mitatu: wa kwanza, wa pili unaorudia wa kwanza, wa tatu unaojibu. Kila mstari una vipimo vinne. Sauti inachukua viwili vya mwanzo na kumalizia mwanzoni mwa cha tatu. Nafasi iliyobaki ni ya gitaa kujibu. Usiijaze kwa maneno. Wasikilizaji wa ukanda wetu wanaielewa hiyo nafasi kwa sababu benga nayo huliacha gitaa lijibu sauti, D. O. Misiani, mzaliwa wa Shirati mkoani Mara, aliijenga kazi yake yote juu ya mazungumzo hayo.

Sasa chukua mizani 16 ya shairi letu, nane kwa nane:

*Kivuko kimeondoka, nimebakia gatini,*
*Kivuko kimeondoka, nimebakia gatini,*
*Nauli i mfukoni, mwenyeji wangu simwoni.*

Piga mapigo 70 kwa dakika, silabi mbili kwa kila pigo, ya kwanza ndefu na ya pili fupi. Usianze kuimba pigo la kwanza. Anza la pili. Hesabu: silabi ya saba, "ndo" ya "kimeondoka", inaangukia pigo la kwanza la kipimo cha pili. Silabi ya 15, "ti" ya "gatini", inaangukia pigo la kwanza la kipimo cha tatu. Mikazo yote miwili imekaa juu ya mapigo mazito, na silabi ya mwisho inadondoka nyuma yake kwa ulegevu, jambo ambalo bluzi inalipenda. Mstari wa tatu nao ni hivyohivyo: "ko" ya "mfukoni", "mwo" ya "simwoni". Vina vya mwisho vinalingana, na maana ya mstari wa tatu inageuza kilichosemwa mara mbili. Kivuko si tatizo, nauli ipo. Tatizo ni mtu.

Mtunzi wa mashairi ya kimapokeo ana mtaji mkubwa hapa. Akianza pigo la pili, kazi ya mkazo inakuwa imeshafanyika karibu yote. Jihadhari tu na maneno ya silabi mbili mwanzoni mwa kipande, kama "mama" au "moyo": mkazo wake uko kwenye silabi ya kwanza na utakaa juu ya pigo jepesi kidogo. Si kosa, ila lisirudi kila mstari.

Kuhusu swali lako dogo la ile sauti ya Rodgers ya kuvunja koo: ni kuruka kutoka sauti ya kifua kwenda sauti nyembamba ya kichwa bila kuficha mpasuko. Chini tumia irabu "o" au "a", juu tumia "i" au "u". Dakika tano kwa siku zinatosha, baada ya koo kupata joto. Koo likiuma, acha.

Nina gitaa la nyuzi za chuma nililolinunua miaka mingi iliyopita. Nyuzi zinapata kutu kila mwezi, na sasa zimeinuka juu mno, vidole vinauma. Fundi mmoja aliniambia ni chumvi ya ziwa, mwingine akasema nilitupe.
*Mzee wa Musoma*

Shikamoo mzee wetu. Usilitupe kwanza.

Ziwa letu ni la maji baridi, halina chumvi ya kula chuma. Kutu ya nyuzi inatoka kwenye jasho la mikono pamoja na unyevu wa hewa. Nawa mikono kabla ya kupiga. Ukimaliza pitisha kitambaa kikavu cha pamba juu na chini ya kila uzi, kisha lirudishe gitaa kwenye mfuko au sanduku lake. Usilitundike ukutani dirisha likiwa wazi upande wa ziwa. Kwa anayepiga kila siku, badilisha nyuzi kila baada ya wiki sita hadi nane hata kama hazijakatika. Uzi uliochoka hauwezi kulingana sawasawa, na mtu hulilaumu gitaa bure.

Nyuzi kuinuka kuna vyanzo vitatu, na kila kimoja kina dawa yake. Vipime kwa mpangilio huu, nyuzi zikiwa zimelinganishwa kama kawaida.

Kwanza shingo. Bana uzi wa 6 freti ya 1 kwa kapo (kibano cha shingoni), ubonyeze pia pale shingo inapokutana na mwili, kwa kawaida freti ya 14. Tazama nafasi kati ya uzi na freti ya 7. Ipite karatasi mbili za kawaida za ofisini kwa shida, yaani milimita 0.2 hivi. Zikipita karatasi sita, shingo imepinda mbele. Kama gitaa lako lina nondo ya ndani, tundu lake liko kichwani chini ya kifuniko kidogo au ndani ya tundu la sauti. Tumia alenkii ya kipimo chake halisi, izungushe kulia robo mzunguko tu, ulinganishe nyuzi tena, usubiri hadi kesho, kisha upime upya. Ikigoma usiilazimishe. Nondo ikikatika, gharama ya kuitoa inaweza kuzidi bei ya gitaa.

Pili daraja. Shingo ikiwa sawa, pima kwa rula kwenye freti ya 12 kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi. Uzi wa 6 uwe milimita 2.5, uzi wa 1 milimita 2. Ikiwa ni zaidi, toa kile kipande cheupe cha darajani na ukisugue upande wa chini kwenye msasa uliobandikwa juu ya kioo. Kila milimita moja unayotaka kushusha kwenye freti ya 12 inahitaji uondoe milimita mbili darajani. Sugua kidogo kidogo, kwa sababu kilichosuguliwa hakirudi.

Tatu, na hili ndilo baya, tazama nyuma ya daraja. Mbao imevimba kama mgongo? Kipande cha karatasi kinaingia chini ya daraja? Basi gundi imeanza kuachia. Legeza nyuzi zote leo hii na umpelekee fundi wa mbao anayejua gundi na vibano. Seti ya nyuzi za 12–53 (unene wa uzi wa 1 na wa 6, kwa sehemu za elfu za inchi) inavuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70, haitamsubiri.

Likitengemaa, weka seti ya 11–52. Ni laini kwa vidole na inalipunguzia daraja mzigo. Tegemea pia kwamba miezi ya mvua kubwa, Machi hadi Mei, mbao itavuta unyevu na nyuzi zitapanda kidogo. Juni hadi Agosti zitashuka na huenda zikaanza kukwaruza freti. Hilo ni la kawaida na halihitaji kusugua chochote.

Neno kwa wasomaji wengine: msiweke kamwe nyuzi za chuma kwenye gitaa lililotengenezewa nyuzi za nailoni. Daraja litang'oka.

Ile sauti ya kuteleza ya bluzi inapigwa kwa nini? Naogopa kukata chupa.
*Msomaji, Magu*

Unafanya vyema kuogopa. Nunua kipande cha bomba la chuma la maji la nusu inchi, kikatwe sentimita 5 hadi 6, kingo zote zisuguliwe kwa tupa na kisha msasa mpaka zisikwaruze kucha. Kivae kidole kidogo. Linganisha nyuzi kuwa D-A-D-F#-A-D kuanzia uzi wa 6. Gusa uzi juu kabisa ya waya wa freti, si nyuma yake kama unapobonyeza kwa kidole, na usiusukume mpaka ugonge ubao. Kidole cha shahada kilale kwa wepesi nyuma ya bomba kuua mlio wa ziada. Nyuzi zikiwa chini sana bomba litagonga freti; kwa mtindo huu milimita 3 kwenye freti ya 12 ni afadhali.

Hoteli moja hapa Capri Point imenipa Ijumaa mbili za majaribio bustanini, watu 60 hadi 80. Wao wana spika, mimi nina gitaa lenye pikapu (kinasa sauti cha ndani). Mara ya kwanza spika zilipiga yowe, umeme ukakatika, na malipo yakacheleweshwa. Nifanyeje mara ya pili?
*Mwimbaji, Mwanza*

Muddy Waters, mwanabluzi wa Mississippi, alipohamia Chicago mwaka 1943 alikuta gitaa lisilo na umeme halisikiki kwenye kelele za vilabu, akahamia la umeme, na sauti yake yote ikabadilika. Mahali ndipo panapoamua vifaa. Bustani haina kuta za kurudisha sauti, hivyo unahitaji nguvu zaidi kidogo kuliko ukumbini, lakini si kelele. Spika moja ya wati 200 hadi 300 za kweli kwenye stendi, iliyoinuliwa juu ya vichwa vya waliokaa, inatosha watu 80.

Yowe linatokea pale sauti ya spika inaporudi kwenye maiki au kwenye tundu la gitaa na kuzunguka. Spika iwe mbele yako, ikitazama watu, nawe nyuma yake. Ziba tundu la sauti kwa kifuniko cha mpira. Kwenye miksa punguza besi ya gitaa, hasa kati ya hezi 100 na 200, maana hapo ndipo mwili wa gitaa huvuma. Kwenye sauti yako kata vyote vilivyo chini ya hezi 100. Sogeza mdomo sentimita 3 hadi 5 kutoka kwenye maiki na upunguze kitufe cha sauti. Wengi hufanya kinyume, wanasimama mbali na kuongeza. Kumbuka Jim Reeves: aliacha kuimba kwa kupaza, akaisogelea maiki karibu kabisa, na ule ukaribu ndio ukawa alama yake. Jioni kukiwa na upepo vika maiki sponji.

Pikapu yako ina betri ya volti 9. Waya wa gitaa ukibaki umechomekwa, betri inaliwa hata kama hupigi. Chomoa kila mapumziko na uwe na betri mpya mfukoni. Kati ya gitaa na miksa weka kiboksi cha DI ili waya mrefu usibebe mvumo. Mvumo ukibaki, bonyeza kitufe cha kukata ethi kwenye kiboksi hicho. Kamwe usikate waya wa ethi wa spika yenyewe au wa soketi. Umeme ukirudi au jenereta ikiwashwa, subiri dakika moja utulie ndipo uwashe: miksa kwanza, spika mwisho. Kuzima ni kinyume chake. Na umeme ukikatika usishuke jukwaani. Sogea katikati ya meza, piga nyimbo nne bila vifaa. Onyesho la mtu mmoja lina faida hiyo, bendi haiwezi.

Malipo yaandikwe kabla, ukurasa mmoja tu, kwa Kiswahili, wenye sahihi mbili: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya awamu, nani analeta spika na umeme wa akiba, chakula, kiasi, nusu ilipwe kabla na nusu usiku huohuo ukimaliza. Andika pia kwamba umeme ukikatika au mvua ikinyesha baada ya wewe kufika, malipo yako palepale. Ukipiga bei hesabu bodaboda au teksi ya kurudi usiku, nyuzi, betri, na mazoezi. Usihesabu saa tatu za jukwaani peke yake. Meneja mzuri hatachukizwa na karatasi. Anayechukizwa nayo ndiye aliyekuchelewesha.

Ninarekodi nyimbo sita: tatu zangu, tatu za kantri ya zamani nilizozitafsiri kwa Kiswahili. Je, ninahitaji kibali?
*Msomaji, Nyamagana*

Kwa zile tatu za tafsiri, angalia mtunzi, si mwimbaji. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Wakiwa wawili, hesabu inaanza kwa aliyekufa mwisho. Wimbo ambao Jimmie Rodgers aliutunga peke yake umeshatoka kwenye ulinzi hapa nchini, kwa kuwa alikufa mwaka 1933. Ule aliotunga na Elsie McWilliams, aliyekufa mwaka 1985, bado uko ndani hadi mwisho wa mwaka 2035. Jim Reeves alikufa mwaka 1964, lakini nyingi za nyimbo zake zilitungwa na wengine. Kutafsiri wimbo ulio ndani ya ulinzi nako kunahitaji ruhusa ya mwenye wimbo, na kanuni za nchi nyingine zinatofautiana, kwa hiyo kabla ya kuuweka mtandaoni, ambako unasikika dunia nzima, waulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.

Zile tatu zako ni zako tangu ulipozirekodi hata kwenye simu. Kuzisajili COSOTA hakukupi umiliki, kunakupa ushahidi, na ushahidi ndio unaohitajika siku ya ugomvi. Kwa maonyesho, jisajili BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na ujitambulishe kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri unakopiga. Kirumba iko Manispaa ya Ilemela na Capri Point iko Jiji la Mwanza, kwa hiyo ni ofisi mbili.

Siku ya kurekodi, kabla hamjaagana, wewe na mtayarishaji muandike nani ana asilimia ngapi ya utunzi na nani anamiliki rekodi, msaini. Kama umemlipa fedha kamili kwa kazi ya studio, sema wazi kwamba rekodi ni yako. Kisha dai mafaili ya WAV, si MP3 pekee: wimbo uliokamilika, gitaa peke yake, na sauti peke yake. Yaweke sehemu mbili tofauti, na uyasikilize yote hadi mwisho kabla ya kumalizia malipo ya studio.